Amana Mpaka Muharram

Watu walimwita Mundhir Balozi, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Alikuwa fundi wa vigae kutoka Beit Lahia, mtu wa magoti mabovu na vidole vyenye makovu, ambaye ujanani alifanya kazi Jaffa miaka mingi akaokota Kiebrania kwenye sakafu za wenyewe. Vita vilipomfukuza kwake, kisha vikamfukuza alikokimbilia, alibaki na hicho Kiebrania na redio ndogo ya betri aliyoifunga kwa utepe wa mpira isifumuke. Asubuhi alisikiliza stesheni za Waarabu, mchana za Waisraeli, na jua likizama alikuwa anajua ya Tehran na Washington kuliko ya hema lake mwenyewe.

Kipindi hicho Wamarekani na Wairani walikuwa wakikutana, mara Muscat, mara Roma, kubishana juu ya urani. Mundhir alijua asilimia anayoitaka huyu na asilimia anayoikataa yule. Familia kadhaa za kaskazini, yake ikiwamo, zilikuwa zimepiga mahema kwenye shamba la mapera huko Qarara, na watu walimsubiri kwenye foleni ya maji wamchokoze.

"Balozi, Mwajemi kakubali leo?"

"Wanavutana kwenye kurutubisha. Lakini hawajanyanyuka mezani."

"Mwambie anyanyuke au akae, sawa tu. Mimi mke wangu ananiuliza unga."

Yeye hakukasirika. Alikuwa na hoja yake, na aliirudia kwa kila aliyempa sikio. Kigae, alisema, hakikai kwenye sakafu iliyopinda. Utakibandika leo, kesho kimepasuka. Gaza ni kigae. Sakafu ni hao wakubwa. Wakiisawazisha wao kwa wao, hata kwa ajili ya mafuta yao na matumbo yao, kigae kitakaa chenyewe. Mdogo wake Labib ndiye aliyemcheka kuliko wote. Alimwambia kaka, wewe umetandika vigae vya Wayahudi miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja aliyekukaribisha ukanyage.

Labib alikuwa kitinda mimba wa mama yao, Hajati Widad, kijana mrefu, mchekeshaji, hajaoa. Siku chache kabla ya Idi ya kuchinja alikwenda kutafuta unga kule wanakogawa, akarudishwa juu ya mkokoteni wa punda. Risasi ilikuwa imeingia chini ya kwapa. Mfuko aliokwenda nao ulikuwa umekunjwa vizuri, bado uko mfukoni mwake, mtupu.

Bafta ya sanda haikupatikana siku ile. Walimkafini kwa blanketi lake mwenyewe, lile zito la kahawia lenye picha ya chui. Ikabaki azikwe wapi. Hajati Widad alikaa kando ya maiti amekunja miguu, ushungi mweupe umemshuka mabegani, akasema kwamba mwanawe hazikwi kwenye shamba la watu. Baba yake, marehemu Shukri, amelala Beit Lahia, na ubavuni mwake mna nafasi ambayo yeye Widad aliiweka kwa ajili yake mwenyewe. Lakini Labib ametangulia, basi alale yeye na baba yake. Wakamwambia Beit Lahia haifikiki, hata ndege wakienda huko wanarudi. Akasema anajua. Akasema hata hivyo.

Mzee Abu Sakhr ndiye aliyeipata njia. Alikuwa mchimba kaburi wa kwao, amekimbia na jembe lake, na jembe hilo halikuwahi kukosa kazi. Alisema Labib azikwe hapo chini ya mpera, lakini azikwe amana. Vijana hawakujua maana yake, ikabidi awaeleze. Wazee wa zamani, mtu akifia ugenini, walimkabidhi kwa ardhi kama unavyomkabidhi jirani mali yako unaposafiri. Unaiambia ardhi: huyu si wako, ni amana, nakuwekea mpaka siku fulani, nikija nimkute kama nilivyomwacha. Na ardhi, ikipewa amana, haiigusi. Imamu wa pale alisema hayo ni maneno ya vikongwe, hayamo katika dini. Abu Sakhr alimjibu kwa upole kwamba yeye hakusoma, ila amewahi kumfukua mtu wa amana na kumkuta jasho liko kwenye paji la uso. Imamu akanyamaza, maana mama wa maiti alikuwa anamtazama.

"Ila kuna masharti," Abu Sakhr alimwambia Mundhir, ambaye ndiye mkubwa wa familia. "Ardhi haipokei amana isiyo na siku. Lazima useme mpaka lini. Siku ikifika hujaja, na hujaja mapema kuongeza muda, basi inachukua kilicho chake."

"Nitajuaje lini, mzee?"

"Sijui. Lakini usitaje siku usiyoiamini. Ardhi si mjinga. Ukiidanganya inajua, na hapo hapo inaanza kazi."

Mundhir alimtazama mama yake. Hajati Widad alikuwa ameshanyanyua uso.

"Wewe ndiye unayekaa na hiyo redio," alisema. "Sema ni lini."

Hakuna aliyecheka. Mundhir alisimama kwenye ukingo wa shimo na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kile alichokisikiliza kilikuwa na kazi ya kufanya. Akafikiri. Roma walikuwa wameachana vizuri. Duru inayofuata ilikuwa Muscat, Jumapili moja baada ya Idi. Kwenye redio ya Kiebrania mtu mmoja mwenye sauti ya kikohozi alikuwa amesema Mmarekani anataka eneo lote litulie kabla hajatia saini. Weka Muscat, weka wiki ya kutia saini, weka siku chache za askari kurudi nyuma na barabara ya pwani kufunguliwa. Aliipiga hesabu hiyo kama anavyopiga hesabu ya sebule, akaongeza kidogo kwa ajili ya vipande vitakavyovunjika.

Akainama, akaweka kiganja kwenye udongo, akasema mara tatu, kama alivyofundishwa: "Ewe ardhi, huyu ni Labib mwana wa Shukri. Ni amana kwako mpaka mwezi wa Muharram uandame."

Aliamini. Hilo lazima lisemwe. Siku ile, pale shimoni, Mundhir aliamini kila neno.

Kichwani mwa kaburi alichomeka kigae cha buluu alichokiokota kwenye vifusi, akakwaruza jina kwa msumari. Hajati Widad alitulia. Mwaka mpya, alisema, si mbali. Baada ya Idi akavua bangili yake ya mwisho, ile ambayo hata njaa haikumvua, akabadilishana na mwanamke mmoja wa Khan Yunis kwa kipande cha bafta nyeupe, urefu wa mtu mzima. Mwanawe hataingia kwa baba yake amevaa chui. Aliikunja bafta ile, akaiweka chini ya mto wake, na tangu siku hiyo akawa analala kama mtu mwenye safari.

Watu wakajua ana bafta. Um Nizar, jirani wa hema la pili, alikuja siku moja kuiomba. Mzee wao alikuwa amekata roho na hawakuwa na kitu cha kumfunika ila turubai. Hajati Widad alimpa pole, akampa chumvi kidogo, akampa na mto wa kulazia kichwa cha maiti. Bafta hakumpa.

"Hii ina mwenyewe," alisema.

Um Nizar alitoka bila kuaga, na siku kadhaa wakawa hawasalimiani. Ikram, mke wa Mundhir, alijaribu kumwambia mama mkwe kwamba maiti aliye juu ya ardhi ana haki zaidi ya aliye chini yake. Hajati alimjibu kwamba siku Ikram atakapomzika mtu aliyemzaa, tena kwenye blanketi, waje wazungumze.

Ijumaa, siku mbili kabla ya Muscat, Mundhir aliwasha redio asubuhi akakuta sauti zote zimebadilika. Usiku ule ndege za Israeli zilikuwa zimekwenda Iran, zimepiga mitambo ya urani, zimeua majenerali na wataalamu vitandani mwao. Mwenye sauti ya kikohozi alikuwa anaongea haraka kama mtangazaji wa mpira. Muscat haikutajwa mpaka mwisho, na ilitajwa kwa neno moja, kwamba haipo tena.

Mundhir alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na redio mapajani. Wa kwanza kumfikia alikuwa muuza falafeli, mtu wa maneno.

"Balozi, pole. Nasikia umeitwa nyumbani kwa mashauriano."

Mwingine akasema hapana, Balozi hana makosa, makosa ni ya sakafu. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu walikumbuka kaburi.

Jioni ile Iran ilijibu. Watu walipanda juu ya mabaki ya kuta kutazama makombora yakipita, mistari ya moto ikitoka mashariki kwenda kuangukia Tel Aviv, juu kabisa, kimya, kana kwamba hayana habari na aliye chini. Watoto walipiga makofi. Muuza falafeli alisema leo na wao wakalale chini ya ngazi waone raha yake. Mundhir hakupanda. Aliona tu mwanga ukipita kwenye turubai la hema, na akaona mama yake amekaa anachambua dengu, hainui kichwa.

"Hayo," Hajati Widad alimuuliza, "yanabadilisha siku?"

Akamwambia hapana. Akamweleza kwamba wakubwa ndivyo walivyo, wanapigana ili wakae mezani wakiwa na cha kuuza; wiki moja, wiki mbili, watachoka, watakaa, na safari hii watamaliza kila kitu kwa pamoja. Alieleza kwa muda mrefu. Mama yake alimaliza kuchambua dengu, akazitia maji, akasema alimuuliza swali dogo tu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa namna mpya. Intaneti ilikatika. Vivuko vilifungwa. Waliokwenda kutafuta unga waliendelea kurudishwa juu ya mikokoteni, lakini sasa hata redio za Waarabu ziliwataja mwishoni kabisa, baada ya bei ya mafuta, baada ya mlango bahari wa Hormuz, baada ya wachambuzi kuulizana kina cha handaki moja la Iran na bomu gani linaweza kulifikia. Mundhir alijifunza jina la mlima ambao chini yake kuna mitambo. Aliweza kuueleza mlima ule kwa undani. Unga alikuwa hajauona tangu Idi.

Kisha karatasi zikaanguka kutoka angani, zikisema Qarara yote ihame kwenda Mawasi, kando ya bahari. Wakafunga mahema. Hajati Widad alikaa chini ya ule mpera akakataa kuondoka mpaka Abu Sakhr alipomwambia kwamba amana haihitaji mlinzi, ndiyo maana ya amana. Akabusu kigae cha buluu, akapanda mkokoteni, bafta kifuani.

Mawasi walipiga hema kwenye mchanga, kamba kwa kamba na majirani, Um Nizar yule yule upande wa kushoto. Huko ndiko ilikowakuta habari ya Jumanne: Iran na Israeli zimesitisha mapigano. Ilifika alfajiri, mtu akapiga kelele, watu wakatoka mahemani hawajavaa viatu. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Kuna aliyeanza kung'oa vigingi vya hema lake, akisema anakwenda kwake, hata kama kwake ni vumbi analiendea vumbi lake. Wakamjazia Mundhir hema. Safari hii hakuna aliyemwita Balozi; walimwita kwa jina la mwanawe.

"Abu Haitham, na sisi tumo?"

"Subirini."

"Lazima tumo. Watamalizaje huko wasimalize huku?"

"Nimesema subirini."

Aliweka redio ya Kiebrania sikioni. Walisema shule zinafunguliwa. Walisema viwanja vya ndege vinafunguliwa, na watu wanaweza kurudi ufukweni. Mwenye sauti ya kikohozi alisema sasa jeshi litapumua, na litaweza kuweka nguvu zake zote Gaza. Mundhir alimsikiliza mpaka tangazo la sabuni lilipoanza. Halafu akaizima redio, akiangalia betri, kana kwamba tatizo ni betri.

"Hatumo," alisema.

Yule aliyeng'oa vigingi alikwenda kuvichomeka tena.

Watu walipotawanyika Hajati Widad alibaki. Mwezi wa Muharram ulikuwa unatazamiwa jioni ya kesho yake. Hakumlaumu, hakupandisha sauti. Alimwambia aende leo, aongeze muda, kabla mwezi haujaandama. Na atafute siku nzuri, asiwe na haraka kama mara ile. Ikram alisema Qarara imejaa vifaru, atakayekwenda huko atarudi kama Labib. Mundhir alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu. Alikuwa ameshindwa kusawazisha dunia, lakini siku moja ya nyongeza angeweza kuitaja. Hilo alidhani liko ndani ya uwezo wake.

Abu Sakhr alimsindikiza mpaka mwisho wa mahema, akamkumbusha lile sharti lake, asitaje siku asiyoiamini. Mundhir alisema analikumbuka.

Alipanda mkokoteni hadi mahali mwenye punda aliposema hapa ndipo mwisho wa uhai wake, akashuka, akaendelea kwa miguu kwa kufuata kuta. Ilikuwa mchana mweupe. Zanana, ile ndege isiyo na rubani, ililia juu kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na Mundhir alitembea polepole, mikono ikiwa wazi, kama mzee anayetafuta mbuzi. Mbele alisikia kifaru kikijigeuza palepale kilipo, kisha kikanyamaza. Alivuka barabara akiwa amejikunja. Magoti yalimuuma kuliko woga.

Shamba lilikuwepo. Kifaru kilikuwa kimepita kati yake kama mtu anayepita kwenye zulia la wenyewe na viatu, na safu nzima ya mipera ilikuwa imelala, matawi yamevunjika, majani yamekauka yakiwa bado yameshika. Lakini mti wa Labib ulikuwa umesimama nusu, na chini yake kigae cha buluu kilikuwa palepale, kimeinama kidogo. Jina lilisomeka.

Alipiga magoti. Akakinyoosha kigae kwa viganja viwili, akakigongagonga pembeni kama kazini, mpaka kikakaa sawa. Akaweka kiganja kwenye udongo. Ulikuwa na joto.

"Ewe ardhi," alianza.

Akatafuta siku.

Ya kwanza iliyomjia ni Maulidi, kwa sababu ndiyo iliyofuata kwa ukubwa. Akajiuliza kama anaamini kwamba Maulidi itamkuta njia ya kwenda Beit Lahia iko wazi. Hakuamini. Akasogea mbele, msimu wa zeituni. Hakuamini. Akawaza kufunguliwa kwa shule, akawaza mvua za kwanza, Ramadhani, Idi mpaka Idi. Kila moja aliishika akaigonga kwa kidole kama unavyogonga kigae ukutani kusikia kama kimeshika, na kila moja ilitoa sauti ya uwazi kwa nyuma. Kulikuwa na habari kwamba Wamarekani na Wairani watakaa tena, safari hii huko Ulaya. Aliliwaza na hilo. Alijua majina ya wajumbe. Alijaribu kwa nguvu zake zote kuamini, akabana macho kama mtoto anayeomba dua, na alichokiona ni wanaume waliovaa suti wanamiminiana maji ya chupa, na kwenye maji yale hapakuwa na mtu anayeitwa Labib.

Angeweza kusema tu. Hakukuwa na shahidi. Maulidi, mara tatu, anyanyuke aende, mama yake apate kulala. Alifungua mdomo. Udongo chini ya kiganja chake ulikuwa kimya, na ule ukimya ulimfanya aone haya kama mtu anayetaka kukopa mara ya pili hajalipa ya kwanza.

Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Zanana ilikwenda, ikarudi.

"Ewe ardhi," alisema mwishowe, "huyu ni Labib mwana wa Shukri. Si amana tena. Nimekuachia."

Alisema mara moja tu. Akasoma Fatiha, akakosea katikati, akaanza upya. Alipotaka kunyanyuka aliona matawi ya mpera yaliyovunjika, makavu kabisa, kuni safi, wakati huko Mawasi watu wanapigania hata vipande vya viatu vya kuwashia moto. Nyumbani kulikuwa na dengu ambazo hazijaiva tangu jana. Akaona aibu, kisha akayakusanya hata hivyo, mzigo mzima, akaufunga kwa mkanda wa suruali na kuuweka begani. Hivyo ndivyo alivyoondoka kwa mdogo wake, suruali ameishika kwa mkono mmoja.

Njiani alijiandaa kumdanganya mama yake. Kumdanganya mama ni jambo jingine, si sawa na kuidanganya ardhi. Atasema Maulidi. Alijifunza hata sura atakayoivaa.

Hajati Widad alikuwa mbele ya tanuri lao la udongo. Alipomwona alishusha pumzi, lakini hakusimama. Alichukua tawi la kwanza kwenye mzigo, akalivunja kwenye goti, akalinusa.

"Mpera," alisema.

"Kifaru kilipita. Kaburi halijaguswa."

Akalitia motoni. Likashika mara moja, na moshi wake ulikuwa mtamu, wa shambani, watu wa mahema ya jirani wakageuza shingo. Alitia la pili. Abu Sakhr, aliyekuwa amekuja kusikia, alibaki amesimama na fimbo yake.

"Umeiambia lini?"

Mundhir alifungua mdomo kusema Maulidi. Mama yake alikuwa anaangalia moto, hakumwangalia yeye, na pengine ndiyo maana.

"Nimeiachia, mama."

"Umeiachia nini?"

"Yeye. Sikupata siku."

Abu Sakhr aliinamisha kichwa, akaondoka zake. Mundhir alingoja. Angependa apigwe. Alikuwa mtu wa ndevu nyeupe, baba wa watoto, na angeinama apigwe kama zamani. Hajati Widad alisukuma kuni ndani zaidi kwa kidole cha mguu, akafunika sufuria.

"Basi baba yako atalala peke yake," alisema.

Walikula. Dengu ziliiva vizuri.

Jioni ya pili yake mwezi uliandama, mwembamba sana, juu ya bahari, wala hapana aliyekwenda kuutazama. Redio ilikuwa imelala kwenye mfuko wa nguo. Muuza falafeli alipopita kuuliza kama ni kweli wakubwa watakutana tena, Mundhir alisema hajui, akaendelea kuziba tundu la hema. Yule mtu alisimama kidogo. Alionekana kama aliyekuja dukani akakuta pamefungwa.

Asubuhi iliyofuata kilio kilianzia upande wa kushoto. Watoto wawili wa dada yake Um Nizar, mapacha wa kike, walikuwa wamelala kwenye hema la karibu na barabara lililoangukiwa na kombora usiku. Wanawake walikuwa wanazunguka kutafuta kitambaa, pazia, shuka, chochote cheupe. Kwenye hema la Hajati Widad hawakuingia. Walipita wakitazama mbele.

Hajati aliingiza mkono chini ya mto. Akatoka na bafta, bado imekunjwa kama ilivyokuwa siku aliyoinunua, akawafuata kwenye mchanga bila viatu mpaka alipomshika Um Nizar kwenye mkono wa nguo.

"Ni ya mtu mzima," alimwambia. "Ikateni katikati, inawatosha wote wawili."

Um Nizar aliishika bafta. Hajati Widad aligeuka, akapiga hatua chache, kisha akarudi.

"Na mkiwazika," alisema, "wazikeni tu. Msitaje siku."